Tulivyopeleka Mfupa wa Yaya Lubumbashi

Mikelenge, kabla ya treni

Ninyi mnaosimama mbele ya cherehani yangu kila siku na kuuliza, "Zaina, ilikuwaje huko?", haya, kaeni msome. Mdomo wangu mpya unachoka haraka, na kila mmoja wenu anataka kuanzia mwanzo kana kwamba mwenzake hakuwahi kuuliza. Nitaandika mambo kama nilivyoyaelewa, na mengi sikuyaelewa. Habari za vyeti, tiketi na mihuri nimeziruka. Zilinichosha wakati ule na sitaki zinichoshe tena.

Kwa asiyenijua: mimi ni fundi wa nguo hapa Kindu, mtaa wa Mikelenge. Katika miaka ya vita, nikiwa na miaka kumi na minne, risasi ilipita usoni mwangu ikaondoka na taya la chini, kuanzia karibu na sikio la kushoto mpaka kuvuka kidevu. Yalinibakia meno manne ya nyuma upande wa kulia, na hayo hayakukutana na ya juu hata siku moja. Tangu hapo nafunga kitambaa usoni. Maneno yangu walikuwa wakiyaelewa watu wawili tu, mama na Yaya Ramazani, kaka yangu mkubwa. Wengine niliwaandikia kwa chaki kwenye kibao kidogo, na hata hao wawili jambo likiwa zito.

Yaya ndiye aliyenitwangia chakula. Kila kitu nilichokula kilipita kwanza kwenye kinu chake kidogo cha mti: samaki, nyama, hata wali. Alipokuwa na homa alitwanga. Siku ya harusi yake alitoka mezani akaenda kutwanga uani, na bibi harusi akabaki amekaa peke yake. Majirani wakisikia kinu walijua kwamba Zaina anataka kula.

Sasa basi, muuguzi wa hapa mtaani alipata habari kwa simu kwamba kuna hospitali Lubumbashi ambako madaktari wanajenga upya mataya. Alikuja kutuambia jioni, akiwa amesimama mlangoni na pikipiki yake bado inaunguruma.

"Banatengeneza na mufupa," alisema. "Mugonjwa aende na ndugu yake."

Akaondoka. Maneno hayo mawili, mfupa na ndugu, ndiyo yaliyotuchanganya. Ninyi mnajua hospitali za kwetu: mgonjwa akihitaji damu, ndugu wanaitwa, mmoja anakunja mkono wa shati. Kwa hiyo familia ilikaa kitako kesho yake, na baba mdogo Amisi akafungua kikao bila wasiwasi wowote.

"Damu, batoto ya tumbo moja banapeana," alisema. "Mufupa njo vilevile. Sasa, nani anatoa?"

Laiti mngeona. Watu kumi na mmoja barazani, na kila mmoja ameshika kidevu chake. Shangazi akasema mfupa wake umezeeka, utanifanya niwe bibi kabla ya wakati. Binamu mmoja akakumbuka kwamba ana jino bovu tangu utoto. Mama alianza kusema atatoa yeye, na hapo Yaya akasimama.

"Njo mie," alisema, mtoaji ndiye yeye. "Kikao imeisha."

Hakuna aliyeniuliza kama naukubali mfupa wa mtu. Hata mimi sikujiuliza. Nililala nikikiwaza kidevu chake, nikijaribu kuona kingenikaaje.

Kindu hadi Kibombo

Treni iliondoka "leo" kwa siku tatu mfululizo. Kila asubuhi tuliaga, mama akalia, tukaenda stesheni, na kila jioni tukarudi, mama akapika. Siku ya nne hakulia tena, alisema tu tusisahau chumvi. Siku hiyo ndiyo ikaondoka kweli.

Tulibeba magodoro mawili, sufuria, mchele, mafuta ya mawese, na kinu. Abiria walikitazama kinu kile kuliko walivyonitazama mimi, na kwangu ilikuwa raha isiyo ya kawaida. Kwenye behewa letu alikuwapo Mama Masika, mfanyabiashara kutoka Butembo mwenye magunia ya samaki wakavu, sauti kubwa na moyo mzuri. Aliona kitambaa changu akaamua ninaumwa jino. Alinipa karafuu. Nilizipokea. Baadaye akaamua Yaya ni mume wangu na amenipiga, akamsema kuanzia daraja moja hadi jingine, huku Yaya akitwanga samaki kwa utulivu.

"Mama, uyu ni dada yangu," Yaya alisema alipopata nafasi.

"Ata dada habapigake!"

Ilibidi nifungue kitambaa. Mama Masika alifungua gunia lake, akachagua samaki mkubwa kuliko wote, akamkabidhi Yaya atwange.

Lakini kitu kilichonishangaza zaidi ni jinsi Yaya alivyokuwa anakula. Mtu ambaye nyumbani anatosheka na vijiko vitatu vya sombe ya majani ya muhogo, sasa anatafuna ndagala, wale samaki wadogo, na vichwa vyao, anavunja mifupa ya kuku, analamba uboho. Mama Masika akamuuliza kama ana njaa ya urithi.

"Ninalisha taya," Yaya alijibu. "Njo tunapeleka."

Akamweleza kila kitu. Mama Masika aliweka mkono kinywani. Akatazama kidevu cha Yaya, akatazama kitambaa changu, akarudi kwa Yaya. Aliuliza jambo ambalo mimi sikuthubutu kuuliza: je, Yaya naye nani atamtwangia?

Kati ya Kibombo na Samba

Mvua ilikuwa imekula udongo chini ya reli. Treni ikasimama porini, tukaambiwa ni kwa saa mbili tu. Tulikaa siku nne. Watu walishuka, wakawasha moto, wakafua nguo, mchungaji mmoja akafungisha ndoa watu waliokutana behewani. Hilo sikulielewa hata kidogo lakini nilikula wali wao.

Siku ya pili Yaya alitoweka. Nilimfuata kwenye reli, nikamkuta ameketi juu ya taruma la reli karibu na nyumba ndogo ya wafanyakazi wa reli iliyobomoka, isiyo na paa. Nilipoiona, miguu yangu iliijua kabla yangu. Ni hapo tulipokuwa tumejificha tulipokimbia Kindu. Palikuwa na moto, na juu ya moto palikuwa na sufuria ya wali. Tukasikia risasi, tukakimbilia msituni, tukaacha sufuria. Baadaye kukawa kimya, nami nikarudi kuichukua.

"Nilikutuma," Yaya alisema bila kunitazama. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwanaume muzima, na nilikutuma weye mutoto, ju ya wali."

Hakuwahi kutamka hilo. Miaka yote hiyo alitwanga na kunyamaza.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapochanganyikiwa mpaka leo. Mimi sikumbuki kutumwa. Nakumbuka njaa, na nakumbuka nimekwisha kugeuka kabla mtu hajasema kitu. Niliandika kwenye kibao: NILIENDA MWENYEWE. Akasoma, akatikisa kichwa, akafuta maandishi yangu kwa kiganja. Nikaandika tena. Akafuta tena. Tulifanya hivyo mara nne au tano juu ya reli ile. Sijui ni nani kati yetu anayekumbuka sawa, na hakuna wa kumuuliza.

Kabalo

Kabalo treni inakatwa vipande. Mabehewa mengine yanakwenda Kalemie, mengine Kamina na Lubumbashi, na kila mtu ana hakika kuhusu behewa lake mpaka linapoanza kwenda upande mwingine. Tuliulizia kwa watu watatu tukapata majibu manne, kwa sababu wa tatu alibadili mawazo. Mama Masika, ambaye safari yake iliishia hapo, alituaga kwa samaki na sala, akatuonyesha behewa letu kwa mkono thabiti.

Lilikuwa la Kalemie. Tuliligundua likiwa limeanza kutembea, kwa sababu abiria mmoja alitupongeza kwa kwenda kuona ziwa. Yaya alirusha magodoro, akanishusha mimi, akaruka na kinu kifuani. Hakukiachia hata alipoanguka. Alichubuka goti na kiwiko, lakini jambo la kwanza alilofanya ni kujipapasa kidevu.

"Iko muzima," alisema, akatabasamu na kunionyesha uso wake pande zote mbili. "Bidhaa iko muzima."

Nilicheka, na mimi nikicheka mate yanatoka, kwa hiyo nilicheka nikiwa nimejifunika uso. Kisha nikaanza kulia, na Yaya akafikiri nimeumia.

Kamina

Hapo nilikataa kuendelea.

Tulikuwa tumesimama siku nzima, na mama mmoja alituuzia munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi. Mimi nilikifurahia kwa kuwa hakihitaji kinu. Yaya alikinusa mara tatu, akamuuliza yule mama kama ni pombe, akaambiwa si pombe mpaka kesho. Alifikiri jibu hilo kwa muda, halafu akanywa haraka kabla kesho haijafika.

Nilimtazama akimeza. Nilitazama kidevu kikipanda na kushuka. Nami fundi, jamani, kazi yangu ni kukata. Najua kwamba huwezi kutoa kiraka kwenye gauni zima bila kubakia na gauni lenye tundu. Nilichukua kibao: RUDI NYUMBANI. SITAKI MFUPA WAKO.

"Tumefika Kamina, njo unaniambia?"

UTAKULA NINI?

"Utanitwangia," alisema. "Ni zamu yako."

Alikuwa amepanga kila kitu. Kinu hakukibeba kwa ajili yangu tu. Alikibeba kwa ajili yake mwenyewe, kwa safari ya kurudi. Nilikasirika vibaya. Nilimwandikia maneno ambayo sitayarudia hapa kwa kuwa mama anaweza kusomewa. Yeye naye alikasirika, akaniambia mimi ni mkaidi tangu tumboni. Tulilala migongo ikitazamana, na asubuhi treni ikaondoka nasi wawili ndani yake, kwa kuwa hakuna aliyejua namna nyingine ya kufanya.

Lubumbashi

Hospitali ilikuwa na milango mingi inayofanana. Tuliingia kwa wajawazito, tukatoka, tukaingia kwa wagonjwa wa macho. Mwisho tukafika kwa Daktari Mireille, mwanamke mfupi mwenye miwani, mtoto wa Lubumbashi anayesema Kiswahili cha huko haraka haraka. Alinifungua kitambaa mwenyewe, taratibu, kama anayefungua kifurushi cha mtu mwingine.

Nilimwonyesha kipimo changu. Miaka yote nimepima lile pengo kwa vidole: vidole vitatu. Niliona fahari kumrahisishia kazi.

"Pengo inakudanganya, mama," alisema.

Waliniingiza kwenye mashine inayopiga picha kichwa kwa vipande vipande. Baada ya siku mbili daktari akaja na taya langu mkononi. Nilishtuka. Lilikuwa la plastiki nyeupe, lililochongwa na mashine kufuata picha zangu, na pengo lake na vipande vyake viwili vilivyopinda. Akaeleza kwamba makovu yamevuta vipande hivyo ndani, vikakaribiana, na ndiyo maana pengo linaonekana dogo. Alivirudisha mahali pake kwa kufuata meno ya juu, kwa kuwa meno ya juu hayakuhama, na ndiyo yanayojua ya chini yalikuwa wapi. Kisha akaniambia nipime tena. Vidole vitano, na nafasi ikabaki.

Hilo nililielewa upesi. Ni kama gauni lililoshonwa kwa kuvutwa ili kuficha upungufu: ukifumua ndipo unajua kitambaa kilichokosekana. Lakini nilitazama vidole vyangu vitano, nikatazama kidevu cha Yaya. Vitatu labda angebaki na kitu.

Yaya alisimama. Alikuwa amevaa shati la Idi.

"Dokta, mie niko tayari. Bakate."

"Bakate nini, papa?"

"Mufupa." Akajigusa. "Tumekuja nayo kutoka Kindu."

Daktari alitutazama mmoja mmoja. Yaya akamweleza: muuguzi, kikao, damu, ndagala. Daktari hakucheka. Alivua miwani akaifuta kwa koti, akaivaa tena.

"Papa, mufupa ya muntu mwingine hatutieke," alisema. "Tutakamata mu muguu yake mwenyewe. Chini ya goti muko mifupa mbili. Ile nyembamba ya inje, tunaweza toa kipande, na atatembea muzuri."

"Na mie?"

"Weye ni garde-malade. Ndugu wa kumufulia, wa kumupikia."

Mngedhani atafurahi. Mimi nilifurahi. Lakini Yaya alikaa chini kama mtu aliyefukuzwa kazi. Wiki tatu za treni, na miaka yote ile ya kutwanga, na sasa hata mfupa wake hautakiwi.

"Basi nilifwata nini huku?" aliuliza.

Daktari akarudi kwenye plastiki yake. Alieleza shida iliyobaki. Mtu akikosa upande mmoja wa taya, wanageuza picha ya upande uliobaki, kama kwenye kioo, na kupata mfano wa ule uliopotea. Kwangu kidevu chenyewe kilikwenda, na katikati haina mwenzake wa kugeuzwa. Picha yangu ya kabla ya vita haikuwapo. Iliungua na nyumba. Akasema ataazima umbo kutoka kwenye kompyuta.

LA NANI? niliandika.

"Ya muntu yeyote. Hatumujue."

Hapo ndipo ufundi wangu uliposema. Ninyi wateja wangu mnajua: bibi harusi akiwa mbali, yuko mji mwingine, Kampene au Kama, na gauni linatakiwa, tunafanyaje? Tunamwita ndugu yake wa tumbo moja, tunampima huyo, tunapunguza hapa, tunaongeza pale. Na gauni linakaa. Niliandika kibao kizima, nikafuta, nikaandika kingine, herufi zikiwa zinapandana:

MPIME YAYA. TUNAFANANA. WATU WALISEMA TUNA KIDEVU KIMOJA. YEYE MKUBWA, UTAPUNGUZA.

Daktari alisoma mara mbili. Akamwambia Yaya ageuke kushoto. Akamwambia ageuke kulia. Akachukua kipimo chake cha chuma, akakiweka chini ya sikio la kaka yangu, akakishusha mpaka ncha ya kidevu, akaandika. Yaya aliinua uso na hakupepesa. Machozi yalikuwa yanateremka hadi kwenye kile chuma, na daktari akawa anayafuta na kuendelea kupima.

Kuamka, na kurudi

Siku ya kupasuliwa siwezi kuisimulia, sikuwapo. Nilipoamka mguu ndio ulioniuma, nikadhani wamekosea mahali. Nilitaka kuwaambia kwamba tatizo ni taya, lakini nilikuwa na mipira puani na shingoni. Waliukata ule mfupa wa mguu vipande vitatu, wakaupinda kufuata kidevu cha Yaya kilichopunguzwa, wakaufunga kwa chuma na skurubu. Yaya alikuja na kinu, muuguzi akamzuia mlangoni. Siku zote nilizolishwa kwa mpira, alikaa na kinu magotini bila kazi.

Kurudi sikusimulii. Treni ni ileile na kuchelewa ni kulekule, ila safari hii mimi nilichechemea na Yaya hakula mifupa tena.

Meno ya mbele bado sina, daktari amesema ni mpaka mwakani. Lakini yale manne ya nyuma, kwa mara ya kwanza tangu nikiwa na miaka kumi na minne, yanakutana na ya juu. Siku tuliyofika mama alipika wali na mbuzi. Alinishika kidevu kwa mikono miwili, akamshika Yaya, akarudi kwangu, akaenda tena kwa Yaya, mpaka chakula kikaanza kupoa. Yaya alichukua kinu kutoka pembeni kwa mazoea. Nilimshika mkono. Nikachukua kipande cha nyama, kidogo, nikakitia upande wa kulia, nikauma.

Kikakatika.

Nilitafuna, nikasikia sauti ya kutafuna ndani ya kichwa changu, sauti niliyokuwa nimeisahau kabisa. Nikameza. Nikachukua kipande cha pili, kikubwa zaidi, na cha tatu kabla ya kumaliza cha pili. Yaya alikuwa ananitazama, kinu bado mkononi, midomo yake inatembea pamoja na yangu.

"Zaina, polepole," alisema. "Iyo kidevu njo yangu."